Ufa Chini ya Rangi



Kijana mwenzangu, leo nataka tuongee habari ya kipande cha chuma. Najua tumezoea kuanza na somo la Dominika, lakini nivumilie kidogo, Injili tutaifikia. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ukishaungama na kusamehewa, je, mambo yamekwisha? Au kuna kitu bado kiko huko nje kinakungoja?

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Migato, Itilima. Wazee wengine bado wanasema Migato ya Bariadi, maana kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012 sisi tulikuwa wilaya ya Bariadi. Kazi zangu ni zile za huku kwetu: plau zilizokatika, mikokoteni ya ng'ombe, milango, madirisha, keria za baiskeli. Ziwa haliko hapa. Ukitaka kuliona ziwa unakwenda Bariadi, unapanda gari la Lamadi, huko Busega ndiko maji yalipo. Kwa hiyo injini ya mtumbwi si kitu ninachokishika kila siku.

Jumamosi moja ya Kwaresima mjomba wangu, kaka yake mama, akafika na kiroba begani. Yeye anavua dagaa Lamadi. Ndani ya kiroba kulikuwa na breketi ya injini yake, yaani ile sehemu yenye skrubu mbili inayobana injini kwenye tezi la mtumbwi. Injini yenyewe ni Yamaha ya zamani sana, HP 15, aliirithi kwa mzee aliyemfundisha kuvua. Ilikuwa imegonga jiwe karibu na ufukwe, breketi ikapasuka kuanzia kwenye tundu la boliti hadi karibu katikati. Spea ya toleo lile madukani hakuna tena. Ukipata, umeipata kwenye injini iliyokufa ya mtu mwingine.

"Mpwa, giza limeanza," akaniambia. Kama hujui, dagaa wanavuliwa kwa taa, tena usiku usio na mbalamwezi. Siku za giza zikipita, mvuvi anakaa kungoja mwezi ufanye mzunguko wake. "Kesho jioni lazima niwe majini. Hii inaungika?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Breketi ile ni aluminiamu, na mimi mashine yangu ni ya umeme ya kawaida, na vijiti vyangu ni vya chuma. Nilijua kwamba aluminiamu haiungwi hivyo. Lakini mjomba ametoka mbali, wateja wengine wawili wamekaa hapo kwenye benchi wanasikiliza, na mimi ni yule kijana ambaye hajawahi kusema "siwezi". Nikasema, "Acha hapa, pitia jioni."

Nilijaribu. Kwa kweli nilijaribu. Kijiti kikarusha cheche, kikaacha uchafu mweusi juu, na upande mmoja ukayeyuka ghafla ukaacha shimo. Sasa badala ya ufa nina ufa na shimo. Nikaingiwa na hofu. Nikatoka mbio dukani nikanunua ile gundi ya chuma ya tyubu mbili, nikachanganya, nikajaza, nikaacha ikauke juani. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha. Usingeona kitu. Ilipendeza kuliko ilivyotoka kiwandani.

Mjomba aliporudi akaigeuzageuza mkononi. "Hata mshono hauonekani! Itashika, mpwa?"

"Itashika, mjomba."

Akanipa elfu ishirini na tano, akaniombea baraka, akaondoka. Neno moja tu, "itashika". Nimelifikiria neno lile kuliko neno lolote nililowahi kusema maishani.

Swali la Padre

Kesho yake ilikuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, na kwa bahati Padre alikuja kigangoni kwetu. Si unajua vigango vya huku, Padre hafiki kila wiki, Dominika nyingi tunasali na katekista. Kwa hiyo akija, kabla ya Misa foleni ya kitubio inakuwa ndefu. Nikajipanga.

Padre anafungwa na siri ya kitubio, lakini mimi sifungwi kusimulia yangu. Nilianza na dhambi zangu za kawaida, zile ninazoungama kila mara kana kwamba nimezikariri. Halafu mwishoni, harakaharaka, nikatupia: "Na nimesema uongo kidogo kazini." Nilisema "kidogo". Padre akauliza uongo gani. Nikaeleza kwa kifupi. Akanyamaza. Nikategemea aniambie habari ya amri ya nane, anipe Salamu Maria kumi nikakae. Badala yake akauliza:

"Hicho chuma kiko wapi sasa?"

"Lamadi, Padre."

"Kitaingia ziwani lini?"

"Leo jioni."

"Kuna watu wangapi kwenye mtumbwi?"

"Sita."

Alinipa maondoleo, kwa sababu nilijuta na majuto yalikuwa ya kweli. Lakini kabla sijainuka akaniambia maneno machache tu, kwamba Mungu amenisamehe, na watu sita bado hawajui.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mjomba simu yake ikiisha chaji inakaa hivyohivyo. Nikaingia kwenye Misa. Wakati wa matoleo vijana wenzangu wanapita na kapu, nikajikuta nimeshika noti yangu mkononi na mkono hauendi. Unakumbuka katika Mathayo sura ya 5, Bwana anasema nini kuhusu mtu anayepeleka sadaka madhabahuni halafu akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo juu yake? Anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza. Nimesikia Injili hiyo tangu nikiwa mtoto, na siku zote nilidhani inahusu watu walionuniana. Siku ile nikaona kwamba huyo ndugu mwenye jambo juu yako anaweza hata asijue kwamba analo. Mjomba hakuwa amenuna. Alikuwa ananisifia huko Lamadi.

Misa ilipokwisha nikachukua bodaboda hadi Bariadi, njia yote matope ya masika, halafu gari la Lamadi. Njiani moyo ulikuwa unajadiliana nami. Ukasema: pengine itashika. Ukasema: mtumbwi wao una makasia, hata injini ikianguka watapiga kasia. Ukasema: unaenda kujidhalilisha mbele ya watu kwa kitu ambacho hakijatokea. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa ziwa ni nini. Tumekua tukisikia habari ya MV Bukoba, Mei 21, 1996. Wengi wetu tunakumbuka wenyewe MV Nyerere pale karibu na Ukara, Septemba 20, 2018. Sisemi kwamba breketi ya mjomba ingeua watu. Ninasema tu kwamba sikuwa na haki ya kuwachezea wengine kamari hiyo bila wao kujua.

Nilifika mwaloni jua linaelekea kuzama. Wanapakia taa. Injini iko tayari kwenye tezi, breketi inang'aa na rangi yangu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mpwa! Kuna msiba?"

Ndivyo tulivyo, mtu akitokea bila taarifa tunajua kuna msiba. Nikamwambia, "Hapana, mjomba. Hiyo breketi usiende nayo. Sikuiunga. Niliijaza gundi."

Nilisema hivyo mbele ya wenzake wote watano. Hawakusema kitu. Mjomba akafungua skrubu, akaweka breketi juu ya jiwe, akaigonga kwa nyundo, wala si kwa nguvu. Gundi ikatoka kipande kizima, kama udongo mkavu kwenye ukuta wa tembe. Ufa ulikuwa pale pale, na shimo langu juu yake.

Ungeuona ufa unavyoungwa

Siku ya Jumanne tulikwenda Mwanza pamoja kwa fundi mmoja mzee mwenye mashine ya gesi ya argoni. Nililipa mimi. Mjomba hakuniambia nije, nilikwenda mwenyewe, nikakaa chini kama mwanafunzi. Nataka nikueleze nilichokiona, maana ndicho kilichonifundisha kitubio kuliko semina zote nilizohudhuria.

Kwanza alinieleza kwa nini nilishindwa. Aluminiamu ikikutana na hewa inajitengenezea ngozi nyembamba sana, huioni kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe na kutu kama chuma cha kawaida. Ni kinga nzuri. Lakini sikiliza: aluminiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, na ile ngozi yake haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Kwa hiyo ukichoma ovyo, ndani kumekuwa uji na juu bado kuna ngozi ngumu inayozuia pande mbili zisikutane. Kitu kilekile kinachoilinda ndicho kinachoizuia kuungwa.

Tena aluminiamu haikuonyi. Chuma cha kawaida kikipata moto kinakuwa chekundu, unajua kinakaribia. Aluminiamu inabaki na rangi yake ileile, imetulia, na ghafla inaanguka. Nikawakumbuka vijana wenzetu wawili watatu ninaowajua, ambao kila mtu alisema "yule yuko vizuri tu" mpaka siku walipoanguka. Nikajikumbuka na mimi, nilivyokuwa nimetulia Jumamosi jioni nikihesabu noti.

Halafu fundi akaanza kazi. Jambo la kwanza akakwangua rangi yangu yote na gundi yote. Akaosha mafuta. Akasugua kwa brashi ya waya mpaka ikawa nyeupe. Hakuwasha mashine kabla ya hapo.

Jambo la pili lilinishangaza. Wahenga wametuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilidhani kuziba ndiyo kazi. Yule mzee hakuziba. Aliupanua! Alichukua grainda akauchimba ule ufa kwa pande zote mbili mpaka ukawa kama mfereji wenye mdomo mpana. Nikamuuliza, "Mzee, mbona unaiharibu zaidi?" Akasema usipoufungua mpaka chini utaunga juu tu, na chini ufa utaendelea kuishi.

Jambo la tatu: akatafuta mahali ufa unapoishia. Si pale unapoonekana kuishia kwa macho, bali pale unapoishia kweli, mbele kidogo ya hapo. Akatoboa tundu dogo la mviringo. Bila tundu hilo, alisema, hata ukiunga vizuri, ncha ya ufa itaendelea kutembea polepole kila injini ikitetemeka. Ncha ya ufa ni kali, nguvu yote inakusanyika pale. Tundu la mviringo linaigawanya ile nguvu, ufa unakosa pa kwenda.

Ndipo akaipasha moto breketi yote taratibu, si sehemu iliyopasuka peke yake, kwa sababu ukipasha sehemu moja tu nyingine ikiwa baridi, itapasuka mahali pengine. Halafu akawasha mashine. Umeme unaivunja ile ngozi, na gesi ya argoni inafunika mahali pale ili hewa isiingie kuitengeneza ngozi upya. Mshono ukajaa. Alipomaliza hakupaka rangi. Akasema, "Mwacheni auone. Akiona mshono ataukagua kila safari. Akipaka rangi atasahau."

Uongo usioonekana

Sasa turudi kwenye swali letu.

Kuna watu watasema, na mimi nilijiambia hivyo, kwamba sikusema uongo mkubwa. Mjomba aliuliza itashika, mimi nilitumaini itashika. Hakuuliza "umetumia nini?" Kama hakuuliza, kosa langu liko wapi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijadili jambo hili karne ya 13, katika sehemu anayozungumzia udanganyifu wa kuuza na kununua. Anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachouza. Jibu lake lina akili ya mtu aliyewahi kwenda mnadani. Kama kasoro iko wazi, mfano farasi mwenye jicho moja, na bei imepunguzwa ipasavyo, si lazima uipigie kelele, mnunuzi ana macho yake. Lakini kama kasoro imejificha, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, kunyamaza ni udanganyifu. Anatoa mifano: farasi kilema anayeuzwa kama mwenye mbio, nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kama imara, chakula kilichoharibika kinachouzwa kama kizuri. Sisi Wasukuma tungeongeza ng'ombe wa plau asiyevuta.

Sasa angalia kesi yangu. Ufa ulikuwa wazi mjomba alipouleta. Mimi ndiye niliyeuficha. Kabla ya kuja kwangu alikuwa na breketi mbovu na macho ya kuiona. Baada ya kuja kwangu alikuwa na breketi mbovu zaidi, na macho yake nimeyafumba kwa rangi ya fedha. Kwa maneno mengine, nilimlipisha elfu ishirini na tano ili nimnyang'anye ile kinga moja aliyokuwa nayo, yaani kujua hatari yake.

Hata Torati ya zamani ililijua hili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka. Yaani mbele za Mungu fundi anawajibika hata kwa mtu ambaye bado hajaanguka.

Na hapa ndipo naona kwamba uvivu wa kuungama na uvivu wa kazi ni ndugu. Nilivyoijaza breketi gundi ndivyo nilivyotaka kulijaza kitubio neno "kidogo". Juu panang'aa, chini ufa upo. Padre alipouliza maswali yake matatu alikuwa anafanya kilekile alichofanya yule mzee wa Mwanza: kukwangua rangi, kupanua ufa, kutafuta mahali unapoishia. Na ufa wangu haukuishia kwangu. Uliishia mwaloni, kwa watu sita.

Msamaha na ufa

Kanisa linatufundisha mambo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Vijana wengi, nikiwemo mimi, tunapenda mawili ya kwanza. La tatu tunaliona kama adhabu ndogo ya sala, tuimalize tuondoke. Lakini Katekisimu inafundisha wazi kwamba maondoleo yanaondoa dhambi, ila hayarudishi vyote vilivyoharibiwa na dhambi ile. Ukiiba unarudisha. Ukimchafua mtu jina unalisafisha. Ukimpa mtu chuma kibovu unakifuata kilipo.

Hii haimaanishi kwamba msamaha wa Mungu una upungufu. Niliposimama pale kwenye kitubio nilikuwa nimesamehewa kweli. Bila hilo nisingepata hata nguvu ya kupanda bodaboda, nakuhakikishia. Nguvu ya kwenda kusema ukweli ilitoka kwenye msamaha, haikuwa bei ya kuununua. Mtazame Zakayo, Luka sura ya 19. Yesu anaingia nyumbani kwake kwanza, wakati watu wote wananung'unika. Baada ya kupokelewa hivyo ndipo Zakayo anasimama na kutaja nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Hakulipa ili Yesu aingie. Alilipa kwa sababu Yesu ameingia.

Mimi mara nne sikuweza. Nilirudisha zile elfu ishirini na tano, nikalipa fundi wa Mwanza, na nauli zetu. Lakini wale watu sita walipoteza siku tatu za giza, na siku za giza hazirudishwi. Basi nikawatengenezea fremu za chanja za kuanikia dagaa, bila malipo, Jumamosi nne mfululizo. Hesabu haikulingana na hasara yao, najua. Kuna madeni ambayo unayalipa kwa sehemu, na yaliyobaki unamwachia Mungu, lakini huwezi kumwachia na ile sehemu ambayo mikono yako inaiweza.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitegemea. Mjomba alinisamehe. Alisema hivyo kwa mdomo wake, usiku uleule, tukiwa tumekaa mbele ya bakuli moja la ugali na dagaa. Halafu akaongeza, bila hasira: "Nimekusamehe, mpwa. Lakini plau yangu nitampelekea mwingine."

Nililala nikiwa nimeumia. Nilidhani akinisamehe yote yanarudi kama zamani. Leo naona alikuwa sahihi. Msamaha ni zawadi, unaweza kutolewa kwa usiku mmoja. Uaminifu ni kama ile breketi, unajengwa tena kwa mshono, na mshono lazima ukaguliwe kila safari. Kijana mwenzangu, ukiwa umemuumiza mchumba wako, mzazi wako, au wenzako wa jumuiya, na wamekusamehe lakini bado wanakuangalia kwa tahadhari, usiwaambie "basi hamjanisamehe kweli". Wamekusamehe. Wanakagua mshono. Waache wakague.

Pale kijijini habari zilifika kabla yangu. Wakanipa jina, Fundi Gundi. Bado wapo wanaoniita hivyo, na watoto wanacheka. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi naitika. Bwana wetu alipofufuka angeweza kuja na mikono isiyo na alama, na hakufanya hivyo. Alimwonyesha Tomaso makovu yake, Yohane sura ya 20. Yake yalikuwa ya upendo na langu ni la aibu yangu mwenyewe, sijilinganishi naye. Lakini nimejifunza kwake kwamba kupona si lazima kuwe kuonekana kama hukuwahi kuumia.

Ilipita miezi. Baada ya mavuno, mjomba akapita Migato na kitu kwenye kiroba. Akakitoa: kifuniko cha injini, aluminiamu, kimepasuka pembeni. Akakiweka mezani, hakusema mengi.

"Hii inaungika?"

Wateja walikuwepo kwenye benchi, kama siku ile. Nikasema, "Hapana, mjomba. Mimi siwezi. Ipeleke Mwanza."

Akaniangalia. Akacheka. Akakirudisha kwenye kiroba, halafu akaenda kwenye pikipiki, akafungua kamba na kushusha plau. "Na hii?"

"Hiyo naweza."

Ya kutafakari wiki hii

Kabla hujaenda kwenye kitubio safari hii, kaa kimya robo saa ujiulize. Ni neno gani ninalotupia mwishoni harakaharaka na kuliwekea "kidogo" mbele yake? Ufa huo unaishia wapi, kwangu au kwa mtu mwingine? Kuna kitu nimekitoa mikononi mwangu kikiwa kibovu, kazi, maneno, ahadi, matokeo ya mtihani, ambacho mtu anakitegemea sasa hivi bila kujua? Kama kipo, simu yako iko mfukoni. Na kama haipatikani, kuna bodaboda.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako kule Nazareti, unajua ufa ulioko chini ya rangi yangu. Nipe moyo wa kuukwangua mpaka chini. Nifundishe kusema "siwezi" pale nisipoweza, na kuifuata kazi yangu mbovu kokote ilikofika. Uwalinde wote walioko majini usiku huu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.